Miguu Arobaini, Kinyumenyume

Walimwita Milimita, naye hakuchukia. Jina lilimganda siku alipomrudisha seremala na rafu yake begani kwa sababu ilikuwa imepungua milimita mbili, na tangu hapo hata mume wake alimwita hivyo, hata mama mkwe wake, ambaye kwa kawaida hakuwa mtu wa majina ya utani. Kazi yenyewe ilimtaka awe hivyo. Alikuwa mbunifu wa bodi za nyongeza, vile vibao vya kijani vinavyopachikwa kwenye kompyuta ndogo, zile zenye ukubwa wa kadi ya benki. Kompyuta kama hiyo ina akili nyingi lakini haina mikono. Ukitaka iwashe pampu, ipime joto au isikilize kengele ya mlango, lazima umtafute mtu kama Milimita aichoree mikono.

Ukingoni mwa kompyuta hizo kuna pini arobaini, zimesimama safu mbili kama wanafunzi gwarideni, ishirini mbele na ishirini nyuma. Kila pini ina kazi yake. Mbili zinatoa umeme wa volti tano, nyingine wa volti tatu na ushee, kadhaa ni za kurudisha umeme ulikotoka, na zilizobaki ni masikio ya kompyuta, nayo masikio hayo hayavumilii kabisa kumiminiwa volti tano. Bodi ya nyongeza huwa na soketi ya matundu arobaini, na kila tundu sharti likutane na pini yake mwenyewe. Yakipishana, kompyuta haibishani nawe. Inakufa tu.

Karakana yake ilikuwa nusu ya chumba cha mbele. Nusu ya pili ilikuwa ya mama mkwe, aliyeshona sare za shule. Mpaka ulikuwa utepe mwekundu uliobandikwa katikati ya meza ndefu: huku mkasi, chaki na pini za kushonea, kule koleo ndogo, chuma cha kulehemu na pini za kompyuta. Mpaka huo ulivunjwa kila siku.

"Mwanangu, kijidudu chako kimeingia kwenye kola ya mtoto wa watu," mama mkwe angesema, akikishika kwa ncha za vidole.

"Hiyo ni rezista ya bodi, Mama. Usiitupe."

"Ina meno?"

"Haina."

"Basi ingekaa tu humo, angeenda nayo shule."

Katika nyumba ile neno wifi lilikuwa na kazi mbili, na mama mkwe hakujishughulisha kuzitenganisha. Milimita akitazama simu yake na kulalamika kwamba wifi imekatika, mama mkwe angeinua kichwa kutoka kwenye cherehani na kuuliza, "Kakatika wapi, si asubuhi tu nimeongea naye?" Maana wifi wa Milimita, dada wa mumewe, alikuwa binti wa kwanza wa mama huyo, na kwa kweli hakuwa mtu wa kukatika. Alikuwa kocha wa kuogelea. Alizoea kuongea na watu wenye maji masikioni, kwa hiyo aliongea na kila mtu hivyo hivyo.

Ndiye aliyeingia siku moja mchana, nywele bado zimelowa, akaanza kusema akiwa mlangoni.

"Wifi, nataka mashine isiyo na mjomba wala shangazi."

"Karibu kwanza ukae."

"Nimekaa." Alikuwa amesimama. "Unakumbuka mwaka jana?"

Nani angesahau. Mashindano ya vilabu yaliharibikia ukingoni mwa bwawa. Wazazi watatu walipewa saa za kupimia mbio, na katika mbio za mwisho kila mmoja alikuja na muda wake na mshindi wake, na kwa bahati ya ajabu kila mshindi alikuwa wa kilabu cha mwenye saa. Watu walirudi makwao bila kuagana. Mzazi mmoja mpaka leo alikuwa akiona gari la kocha linakuja anavuka barabara.

Kocha alichotaka kilieleweka upesi. Vibao sita vya kugusia, kimoja kwa kila njia ya kuogelea, vimening'inia ukutani ndani ya maji. Muogeleaji akifika anagusa, kompyuta inasikia, na muda unajiandika kwenye kioo kikubwa mbele ya watu wote, hadi sehemu ya mia ya sekunde. Mashindano yalikuwa baada ya miezi miwili.

Milimita aliipenda kazi ile tangu dakika ya kwanza, jinsi mtu anavyopenda fumbo lililotegwa vizuri. Waya mrefu uliolala kando ya maji unaokota kila takataka ya umeme iliyomo hewani, na takataka hiyo ikifika kwenye pini, kompyuta itadhani mtoto ameshafika hata kabla hajaruka. Kwa hiyo bodi ilipaswa kuwa bawabu: imsikilize kila anayegonga, imchuje, kisha ipeleke ndani habari ya kweli peke yake. Alichora njia za shaba kwenye kioo cha kompyuta yake asubuhi baada ya asubuhi. Akapanga vituo sita vya skrubu vya kufungia nyaya, kwa safu, kutoka ya kwanza hadi ya sita. Akaweka taa sita ndogo, moja kwa kila njia. Alijisikia vizuri kiasi kwamba alikuwa akiimba, na mama mkwe akaongeza mwendo wa cherehani ili asimsikie.

Siku ambayo mchoro ulikuwa uende kiwandani, kocha alipita kuuangalia.

"Hizi taa zinakaa upande gani?"

"Kompyuta inapachikwa juu ya bodi, kwa hiyo zinakuwa hapa katikati."

"Kwa hiyo nani ataziona? Ziwe juu, wifi. Nikisimama nizione."

Lilikuwa ombi la haki. Milimita akaona jibu lake hapo hapo: soketi badala ya kulehemewa upande wa juu wa bodi, italehemewa upande wa chini, kompyuta ikae chini na taa zibaki juu zinang'aa. Kwa kuwa juu sasa kungekuwa wazi, akachagua vituo virefu zaidi vya skrubu, akaandika kwenye maelezo kwamba soketi ni ya chini. Mchoro wa matundu yake hakuugusa. Akautuma, akanywa chai, akalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi.

Bodi kumi zilifika zikiwa zimebaki siku tisa. Zilikuwa nzuri. Milimita alizipanga mezani, akazipangusa vumbi lisilokuwepo, akalehemu soketi ya bodi ya kwanza upande wa chini kama alivyopanga. Risasi ya kulehemu iliyeyuka ikatulia kuzunguka kila mguu, miguu arobaini, inang'aa. Akaipachika juu ya kompyuta. Ilikaa sawasawa, kama kofia kichwani mwa mwenyewe. Akawasha.

Taa nyekundu ya kompyuta ikawaka, ikafifia, ikazimika. Kisha ikaja harufu.

"Umeunguza pasi?" mama mkwe akauliza.

"Sijagusa pasi yako, Mama."

Kompyuta ile haikuamka tena. Milimita alichukua ya pili, akachukua bodi nyingine, akarudia kila kitu taratibu zaidi, na akapata harufu ile ile. Sasa alikuwa amebakiwa na kompyuta mbili. Akakaa chini. Akachukua kipimo cha umeme akaanza kufuatilia matundu moja moja, na dakika kumi hazikupita akaona lilipo tatizo: safu mbili za soketi zilikuwa zimebadilishana nafasi. Penye volti tano palikuwa na volti tatu, na kila pini ilikuwa ikikutana na jirani yake wa ng'ambo. Zote arobaini zilikuwa kinyumenyume.

Kilichofuata hakikumpa sifa. Hakujiuliza hata mara moja kama kosa lilikuwa lake. Aliandikia kiwanda barua yenye aya tano. Aliwaeleza kwamba kazi za namna hii zinahitaji watu makini. Aliwaeleza kwamba yeye, katika miaka kumi na moja, hajawahi kupeleka mchoro wenye kasoro. Alitumia neno "uzembe" mara mbili, na mara ya pili alilipigia mstari.

Jibu lilikuja kesho yake asubuhi. Mwandishi wake alikuwa binti wa huduma kwa wateja, na alikuwa mpole kuliko inavyovumilika. Alimshukuru kwa barua. Aliambatanisha picha mbili, mchoro wa Milimita na bodi iliyotoka kiwandani, zimewekwa moja juu ya nyingine, na hazikutofautiana hata kwa unywele. Akamalizia kwa kuuliza, kwa adabu kabisa, kama labda soketi ilichorwa kwa kuangaliwa kutoka juu ilhali imefungwa kutoka chini.

Milimita alisoma sentensi hiyo ya mwisho mara nne. Masikio yakamwaka moto.

"Mama," akasema, "njoo uone kitu."

Mama mkwe alivuka utepe mwekundu, akavaa miwani, akaichukua bodi. Aliigeuza mbele, akaigeuza nyuma. Milimita akamweleza: matundu yamechorwa kama yanavyoonekana kwa juu, kisha soketi imewekwa chini, kwa hiyo kushoto kumekuwa kulia.

"Sasa hapo cha ajabu nini?" mama mkwe akasema. "Umekata kitambaa ukiwa umekilaza kwa ndani. Wanafunzi wangu wote wanaanza hivyo. Anakata mkono wa kulia, anaushona, anakuta ana mikono miwili ya kushoto."

"Mimi si mwanafunzi, Mama."

"Basi umechelewa kidogo." Alimrudishia bodi. "Igeuze. Shona kwa upande ule ulioukata."

Milimita alifungua mdomo aeleze kwa nini haiwezekani, akaufunga. Inawezekana. Soketi ikilehemewa upande wa juu, kama mchoro ulivyodhani tangu mwanzo, matundu yote arobaini yanarudi mahali pake. Ila upande huo wa juu sasa ulikuwa na taa, na vituo vya skrubu, virefu kama majengo. Bodi ikipinduliwa juu ya kompyuta, vituo hivyo vitagonga kabla soketi haijafika kwenye pini.

"Haitafika," akasema. "Hapa kati kuna vitu vimesimama."

"Vimezidi kiasi gani?"

Milimita akapima. "Milimita saba."

"Kwenye sare tungeongeza kipande."

Na ndivyo walivyofanya. Milimita alikuwa na soketi za miguu mirefu, zile zinazopokea pini kwa chini na kutoa pini kwa juu, na akapachika moja juu ya nyingine mpaka bodi ikaelea juu ya kompyuta kama kitanda cha ghorofa, imelala kifudifudi, taa zake zikitazama chini. Akasita kabla ya kuwasha. Kompyuta zilikuwa mbili tu. Mama mkwe, bila kuambiwa, alisogeza sare mbali na meza.

Taa nyekundu ikawaka, ikaendelea kuwaka. Milimita akagusanisha nyaya za njia ya kwanza, na chini ya bodi, gizani kule katikati, taa ndogo ya kijani ikafumba na kufumbua. Hakupiga kelele. Aliweka paji la uso mezani akakaa hivyo kidogo.

Kisha akaandika barua ya pili kwa yule binti wa kiwanda. Hii ilikuwa na aya moja, na ilimchukua muda mrefu kuliko ile ya aya tano.

Kumwambia kocha ilikuwa habari nyingine. Milimita alifikiria kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, amwambie tu kwamba mpango umebadilika kidogo. Lakini kocha alipokuja, macho yake yalienda moja kwa moja kwenye bodi iliyopinduka.

"Taa ziko wapi?"

"Zinatazama chini."

"Si tulisema juu?"

"Nilichora soketi kinyume, wifi. Bodi zote kumi. Nimeua kompyuta mbili, halafu nimewatukana watu wa kiwanda bure. Mama ndiye aliyesema niigeuze."

Kocha alikuwa anamjua mwanamke huyu kwa miaka minane na hajawahi kumsikia akitamka maneno hayo kwa mpangilio huo. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta, na mama mkwe naye akaambukizwa, na mwishowe Milimita mwenyewe hakuwa na budi.

"Inafanya kazi?" kocha akauliza akijifuta macho.

"Inafanya. Ila kuna jambo moja la kuangalia." Milimita akamwonyesha. Kwa kuwa bodi ilikuwa imelala kifudifudi, vituo vya nyaya navyo vilikuwa vimegeuka. Ukiitazama kwa juu, cha kwanza kilikuwa kulia na cha sita kushoto. Mtu akifunga nyaya kwa mazoea atampa wa njia ya kwanza muda wa yule wa sita. "Kwa hiyo nitafunga kwa namba, si kwa kuangalia tu."

Mama mkwe alichukua vipande sita vya kitambaa cheupe, vile vya kushonea majina ya watoto kwenye kola, akadarizi namba kwa uzi mweusi, moja hadi sita, akashona kila kimoja kuzunguka waya wake. Hakuna waya uliowahi kuvaa vizuri namna ile.

Siku ya mashindano jua lilikuwa la kutosha na upepo haukuwepo. Viti vya plastiki vilijaa kabla ya mbio ya kwanza. Milimita alikaa kwenye meza ndogo chini ya mwavuli, mwanzoni mwa bwawa, na mashine yake ndani ya bakuli la plastiki lenye mfuniko, lile linaloonyesha kilichomo. Hofu yake yote ilikuwa maji. Watoto waliruka, maji yakatapakaa, yakafika mezani, bakuli likayarudisha. Mbio ya kwanza, namba zikajiandika kwenye kioo kikubwa. Minong'ono ya kuridhika ikapita vitini. Mbio ya pili, ya tatu, ya saba. Yule mzazi aliyekuwa akivuka barabara alikuja hadi mezani, akainama, akaangalia bakuli.

"Hii ndiyo inayohesabu?"

"Ndiyo hii."

"Ndogo," akasema, akarudi kukaa, lakini alimsalimia kocha njiani.

Wakati wa mapumziko ya mchana mwamuzi mmoja alijikwaa kwenye nyaya. Hakuanguka, ila nyaya mbili zikachomoka, za katikati, ya tatu na ya nne. Milimita akafungua mfuniko, akachukua bisibisi, akazirudisha. Watu walikuwa wamemzunguka wakimuuliza maswali, naye alikuwa akijibu huku akikaza skrubu. Akafunga mfuniko.

Mbio ya mwisho kabisa ilikuwa ya wasichana, mita hamsini, mtindo huru. Katika njia ya tatu alikuwepo binti wa kocha, mwenye miaka kumi na nne na kofia nyekundu ya kilabu chao, ambaye nyumbani waliendelea kumwita Kibata kwa sababu alianza kuogelea kabla hajajua kutembea vizuri. Njia ya nne ilikuwa ya msichana mrefu wa kilabu kingine, mwenye kofia ya kijani. Wengine wanne walikuwa wazuri, lakini kila mtu pale alijua anatazama njia zipi.

Waliruka pamoja. Nusu ya kwanza kijani alitangulia kwa kichwa. Nusu ya pili Kibata alimfikia, akawa naye bega kwa bega, na mita tano za mwisho viti vya plastiki vilibaki vitupu kwa sababu hakuna aliyekuwa amekaa. Waligusa. Waliokuwa ukingoni waliona Kibata ametangulia. Kocha aliona hivyo. Milimita pia, kama angeulizwa, angesema hivyo.

Kioo kikaandika: njia ya nne, kisha njia ya tatu, tofauti sehemu nne za mia za sekunde.

Minong'ono ilianza upande mmoja ikazunguka bwawa lote. Wazazi wawili waliowekwa na saa za mkono, kama mashine ingekwama, wakazinyanyua juu, na zote mbili zilimpa Kibata. Waamuzi wakatazamana. Kocha alitembea kuja mezani, hakukimbia, akainama karibu na sikio la Milimita, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane akaongea kwa sauti ndogo.

"Wifi. Zile nyaya ulizorudisha mchana. Ya tatu na ya nne."

"Ndiyo."

"Huwezi kuwa umezibadilisha?"

Milimita alijaribu kukumbuka mikono yake ilifanya nini mchana ule, na hakukumbuka chochote isipokuwa mzee mmoja aliyemuuliza kama mashine ile inaweza kutabiri mvua. Je, alisoma vile vitambaa? Au alifunga kwa mazoea?

"Naweza kuwa nimebadilisha," akasema.

Kocha akamshika mkono wa nguo. "Basi waambie hivyo. Watakuelewa. Mimi mwenyewe nitawaeleza mambo ya bodi kugeuka, na kila mtu ameona kwa macho yake nani kagusa kwanza. Sema tu ulikosea."

Ilikuwa rahisi mno. Wiki mbili nyuma Milimita angekubali kung'olewa jino kuliko kukiri kosa lililokuwa lake kweli, na sasa hapa alikuwa anaombwa akubali ambalo hakuwa na hakika kama ni lake. Akitamka sentensi moja, kilabu chao kinashinda, mpwa wa mumewe anavishwa medali, na yeye anaitwa mwungwana. Mdomo wake ulikuwa umeshafunguka.

"Sijui kama nilikosea," akasema. "Tupime."

"Mbele ya watu wote hawa?"

"Wao ndio wanaotaka kujua."

Akamwita mwamuzi mkuu, akamweleza kwa sauti ya kusikika kwamba nyaya mbili zilichomoka mchana, kwamba yeye ndiye aliyezirudisha, na kwamba huenda alizipishanisha. Kama alizipishanisha, matokeo yanageuka. Kama hakuzipishanisha, yanabaki. Akaomba waogeleaji wote wasogee, na mtu mmoja agonge kibao cha njia ya tatu peke yake.

Mwamuzi alitazama huku na huku akitafuta mtu asiye na upande. Kabla hajampata, Kibata, aliyekuwa bado ndani ya maji ameshika kamba, aliogelea taratibu hadi kwenye kibao cha tatu.

"Nagonga mimi," akasema, na mwamuzi akaitikia kwa kichwa.

Aligonga. Kioo kikubwa kikaandika namba tatu. Akasogea akagonga cha nne. Kikaandika nne. Akarudia tena, tatu, nne, na kioo kikajibu tatu, nne.

Nyaya zilikuwa mahali pake. Milimita alianza kutabasamu, na hapo hapo akaona uso wa wifi yake, akaacha.

"Mama," Kibata akasema kutoka majini, akimtazama kocha, "nilichelewesha mkono. Niliacha maji yanibebe nikidhani nimeshafika. Yeye alipiga mvuto mmoja zaidi wa mkono. Nilimsikia akigonga."

"Na kichwa chako kilikuwa mbele," kocha akasema.

"Kichwa ndiyo. Lakini hatugusi kwa kichwa."

Kicheko kidogo kikapita ukingoni. Yule mrefu wa kofia ya kijani alikuwa ameegemea kamba bila kujua acheke au anyamaze, mpaka Kibata alipompa mkono juu ya maji. Kocha akamwendea mwamuzi, akamwomba kipaza sauti, ingawa hakuwahi kukihitaji maishani mwake, akatangaza mwenyewe: njia ya nne imeshinda, njia ya tatu ni ya pili, na mashine iko sawa. Alipomaliza alikirudisha kwa mikono miwili.

Makofi yalianza kwa kusuasua, kisha yakakolea.

Baada ya medali kugawiwa, kocha wa kofia za kijani, mwanamke mfupi mwenye filimbi shingoni, alikuja mezani. Alitaka mashine kama ile kwa ajili ya bwawa lao.

"Utaningoja mwezi," Milimita akamwambia. "Hizi zilizobaki nimezichora kinyume."

Mwanamke yule alicheka sana, akidhani ni utani, akaandika namba yake ya simu pembeni ya karatasi ya ratiba.

Walibaki wifi wawili, wakikunja nyaya. Milimita alishika mwisho mmoja, kocha mwingine, wakisogeleana hatua kwa hatua na waya ukizunguka mkononi.

"Pale nilikuuliza kitu," kocha akasema bila kuinua macho.

"Uliuliza kama nimekosea. Swali zuri tu."

"Sikuwa nauliza, wifi. Nilikuwa naomba."

"Najua."

"Na ulikuwa umeshafungua mdomo."

"Nilikuwa nimeufungua," Milimita akakubali.

Kocha alitikisa kichwa, nusu kwa haya, nusu kwa kicheko kilichokuwa njiani. Walifika katikati, akampa mwisho wake wa waya, akataka kwenda kuvitoa vibao majini kabla jua halijashuka zaidi. Lakini bwawa lilikuwa limefunguliwa kwa watoto wote, wa kofia za kijani na wa kofia nyekundu, wakubwa na wadogo, na walikuwa wamegundua kwamba nyaya tatu bado hazijachomolewa. Walikuwa wakipiga mbizi na kugonga, wanatoka wakipenga maji kutazama kioo, wanazama tena. Namba zilikuwa zikipanda na kushuka bila maana yoyote, mbili, sita, mbili, mbili, tano. Kocha alisimama ukingoni, filimbi mdomoni, asiipulize.

"Waache," akasema. "Tutavitoa wakichoka."